Mahindi hayasahau siku uliyoyanyima maji

Waliokosa kufika waliniomba niandike nilichoongea na wakulima siku ile kuhusu mazao na maji, ndo hii hapa, nimeiacha ilivyotoka mdomoni, nilichopunguza ni vikohozi na pale maiki ilipokata.

Habari za asubuhi jamani. Shikamooni wazee. Na nyie vijana mliokaa nyuma karibu na mlango nawaona, msije mkatoroka kabla sijafika kwenye mtama.

Kwenye ratiba nimeandikiwa mada ndefu kama treni, mwitikio wa mazao ya nafaka na mazao ya kufunika udongo kwa viwango tofauti vya umwagiliaji. Kwa lugha ya shambani maana yake ni hivi, ukilipa zao maji yote linayotaka, au robo tatu, au nusu, au ukaliachia mvua peke yake, litakujibu nini? Mi nimekaa na hili swali miaka mingi na nilichoambulia naweza kukisema kwa pumzi moja: nafaka inahesabu siku, zao la kufunika linahesabu jumla. Yaani mahindi ukiyanyima maji wiki moja, la kwanza utakaloulizwa ni wiki gani hiyo, maana kuna wiki ukiyanyima yatakusamehe na kuna wiki ukiyanyima ndo umeuaga msimu. Lakini zao la kufunika, ambalo we unalitakia majani na mizizi tu, lenyewe halina siku ya harusi, linakusanya ulichompa mdogo mdogo na mwisho linakurudishia kulingana na jumla. Mengine yote nitakayosema leo ni maelezo ya hapo.

Tuweke vipimo sawa kwanza ili tusipishane lugha. Tukisema milimita moja ya maji tunasema lita moja kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo kwenye hekta moja hiyo milimita moja tu ni lita 10,000. Mahindi ya msimu wa kawaida yanataka kati ya milimita 500 na 800, inategemea joto, upepo na mbegu yako inakaa siku ngapi. Chukua 600 ya katikati, hiyo ni lita milioni 6 kwa hekta. Nimeona watu wanaguna, haya, guneni, ndo hivyo. Na karibu yote hayo hayabaki kwenye mmea, yanaingia mizizini yanatokea kwenye vitundu vya majani yanaenda hewani. Mmea hauwezi kufungua vitundu uvute hewa ya kutengenezea chakula bila kupoteza maji, ni mlango mmoja huo huo, ukifunga kuzuia maji umefunga na chakula. Ukilielewa hilo la mlango mmoja hata nikisahau kusema kitu utajiongeza mwenyewe.

Hii ya kupima mmea unakunywa kiasi gani si ya juzi. Miaka ya 1910 kule Akron, Colorado, Marekani, mabwana wawili, Briggs na Shantz, walipanda mazao kwenye makopo makubwa yaliyofunikwa juu ili maji yasitoke pengine popote isipokuwa kwenye jani, wakawa wanayapima uzito, siku baada ya siku. Wakakuta mtama unatumia kama kilo 300 za maji kutengeneza kilo moja ya mmea mkavu, mahindi yapo juu kidogo ya hapo, ngano inapita 500, na lusani, ile wengine wanaiita alfalfa, inapita 800. Hebu itazameni tena hiyo orodha. Majani ya kulishia mifugo yale yanayoonekana ya bure bure ndo mlevi mkubwa kuliko wote. Hili nitalirudia tukifika kwenye mazao ya kufunika kwa sababu kunde, fiwi, marejea na wenzao wa jamii ya mikunde wapo upande wa lusani, hawapo upande wa mtama.

Sasa mwaka 1979 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wakatoa kitu ambacho mpaka leo mi nakitumia kupiga hesabu za haraka nyuma ya bahasha. Walichukua majaribio ya nchi nyingi wakalipa kila zao namba moja inayosema zao hili likipunguziwa matumizi ya maji linaumia kiasi gani. Mahindi walipewa 1.25. Mtama 0.9. Maharage 1.15. Karanga 0.7. Unaisoma hivi, matumizi ya maji ya mahindi yakishuka kwa asilimia 20 mavuno yanashuka asilimia 25, unapoteza zaidi ya ulichonyima. Mtama ukishuka asilimia 20 hiyo hiyo unapoteza 18. Karanga 14. Kwa hiyo ukiambiwa kuna zao la watu wenye maji na kuna zao la watu wa mashaka, tofauti ndo hiyo, iko juu ya moja au chini ya moja.

Ila hiyo namba ya msimu mzima inaficha jambo. Ukiigawa mahindi kwa hatua zake, kipindi cha kukua majani inakuwa 0.4, kipindi cha kuchanua inaruka mpaka 1.5, kujaza punje inashuka 0.5, kukomaa ni 0.2. Mnaona ilivyoruka hapo katikati? Upungufu wa asilimia 20 wakati mahindi yako magotini unakugharimu asilimia 8, upungufu huo huo wakati wa mbelewele unakugharimu asilimia 30. Maji ni yale yale, shamba lile lile, tofauti ni kalenda.

Kwa nini mahindi yana tabia hiyo? Ingia shambani asubuhi moja wiki ya kuchanua simama mbele ya mmea mmoja tu. Juu kabisa kuna mbelewele, hiyo ni dume. Katikati ya shina kuna kibunzi kinatoa nywele, hiyo ni jike. Kila unywele mmoja umeshikana na punje moja tarajiwa, unywele mmoja punje moja, hakuna kuazimana. Mmea ukipata kiu siku hizo dume halijali, linamwaga chavua kwa ratiba yake ile ile, ila nywele ni kitu cha maji, zinakua kwa kujazwa maji, zikikosa zinachelewa kutoka. Siku mbili, siku nne, siku saba. Zinapochungulia nje chavua imeshaisha shamba zima. Ndo pale unamenya hindi unakuta punje zimejaa chini tu, juu gunzi tupu kama mdomo wa kibogoyo, au punje moja hapa nyingine kule. Halafu mtu anasema mbegu feki. Mara nyingine mbegu haina kosa lolote, ni wiki ile moja.

Mtama sasa, si nilisema msitoroke. Mtama ukikosa maji kabla ya kuchanua unaweza kusimama, kabisa, unakunja majani yake yenye nta, unashusha mizizi, unasubiri. Maji yakirudi unaendelea. Tena unaweza kutoa machipukizi mapya pembeni yakazaa suke la pili. Na dume na jike wake wamekaa kwenye ua moja kwa hiyo ile habari ya kupishana haipo sana. Lakini msinielewe vibaya mkaenda kusema mtaalamu kasema mtama hautaki maji. Mtama uliolewa maji vizuri na mahindi yaliyolewa maji vizuri, mahindi yanashinda mara nyingi. Kiwango cha maji kinavyoshuka ndo mtama unakaribia, unakaribia, mpaka kuna mahali unampita. Hiyo sehemu ya kupishana ndo kila mkulima anatakiwa aijue kwake, na haiko kwenye kitabu, iko kwenye udongo wako.

Ngano nitapita haraka. Ngano ina milango miwili ya kuangalia, wa kwanza ni siku kama 20 hadi 25 baada ya kupanda, mizizi ile ya kwenye shingo inapotoka na machipukizi yanaanza, wa pili ni kuanzia suke liko tumboni mpaka linachanua. Ukiipa maji milango hiyo miwili na ukaibania katikati inakuvumilia. Na mpunga ni mtu wa majini ila hata yeye tulikuwa tunamdekeza, siku hizi kuna mtindo wa kuacha jaruba likauke kidogo halafu unarudisha, unachomeka bomba lenye matundu ardhini unachungulia, maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo unamwagilia, yasipofika hapo unaacha. Taasisi ya utafiti wa mpunga IRRI ndo wameutangaza sana, na maji yanayookolewa yanaweza kufika asilimia 30 mavuno yakiwa pale pale. Ila wakati wa kuchanua unarudisha maji juu. Mnaona? Kalenda tena.

Ngoja niwaambie na la kwangu, maana nisiwe mtu wa kusoma namba za wenzangu tu.

Kuna mwaka niliweka ploti nne za mahindi, moja maji kamili, moja robo tatu, moja nusu, moja mvua tu na maji ya kuoteshea. Nikawa najidai sana na ile ya maji kamili, majani mapana, kijani cha kung'aa, wageni wakija nawapeleka pale kwanza. Ile ya nusu ilikuwa ina aibu, fupi, inakunja majani mchana, nikawa naipita haraka na wageni. Basi, wiki ya mbelewele pampu ikafa. Fundi anasema kesho, kesho yake anasema spea inakuja, siku tisa. Na jua lile. Mi nikajua ile ya nusu ndo imekwisha. Jamani, iliyoanguka mbele yangu ni ile ya maji kamili. Siku ya nne tu ilikuwa imekunja majani saa tatu asubuhi kama mtu mwenye homa, wakati ile ya nusu inakunja saa nane mchana na jioni inafunguka. Nikachukua jembe nikachimba kando ya mashina. Ile niliyoidekeza mizizi yake mingi ilikuwa juu juu hapa, kiganja kimoja na nusu, kwa nini ihangaike chini wakati mi namletea kila baada ya siku mbili? Na majani yake mapana yale niliyokuwa najisifia ndo yalikuwa yanaifyonza ile akiba ndogo kwa kasi. Ya nusu ilikuwa imeshuka, nimechimba mpaka mgongo ukaniuma bado nakuta mizizi.

Sasa msichukue hadithi yangu mkasema basi tuyatese mahindi. Laiti pampu isingekufa ile ya maji kamili ingevuna zaidi, hilo halina ubishi. Ninachosema ni kwamba kiwango cha maji unachompa mwanzo kinamjenga kuwa mmea wa aina gani, na mmea uliojengwa kwa maji mengi ya juu juu umefunga ndoa na pampu yako. Kama pampu yako ya kuaminika, sawa. Mimi yangu haikuwa.

Kuna jaribio moja nalipenda sana kwa urahisi wake. Mwaka 1976 watafiti wa Utah, Marekani, waliweka mstari mmoja wa sprinkla zilizokaribiana katikati ya shamba, basi. Mimea iliyo karibu na mstari inapata maji mengi, ukisogea mita mbili yanapungua, ukisogea tena yanapungua, mpaka ukingoni hakuna kitu. Kwa bomba moja una viwango vyote kuanzia kulewa mpaka kufa kiu, na unaona kwa macho shamba linashuka kama paa la nyumba. Wataalamu wa takwimu hawalipendi sana kwa sababu huwezi kuchanganya viwango kwa bahati nasibu, maji mengi lazima yawe karibu na bomba, na upepo ukivuma upande mmoja unaharibu hesabu. Lakini kama darasa, hakuna darasa zuri kuliko lile. Ukitaka kulifanya weka makopo ya ukubwa mmoja kila baada ya hatua mbili kutoka kwenye bomba, mwagilia, pima kila kopo lina milimita ngapi kwa rula ya kawaida. Utashangaa na sprinkla zako ulizokuwa unadhani zinamwaga sawa.

Na kwenye hayo majaribio ya mteremko ndo unaona jambo ambalo mi naona ndo lenye hela, kama kuna wa kuandika aandike hapa. Ukichora mavuno kwa maji yaliyopita ndani ya mmea unapata mstari ulionyooka, mmea hauna mbwembwe, maji zaidi mavuno zaidi. Lakini ukichora mavuno kwa maji uliyomwaga wewe, mstari unapinda. Unapanda kwa kasi mwanzo, halafu unalegea, halafu unalala, na ukiendelea unashuka. Kwa nini upinde? Kwa sababu yale maji ya mwisho hayapiti kwenye mmea. Yanazama chini ya mizizi yakiondoka na naitrojeni ya mbolea yako, yanapaa kutoka kwenye udongo uliolowa, yanatiririka mferejini kwa jirani, au yanakaa pale pale mizizi inakosa hewa. Ngano yenyewe inarefuka inalala chini siku moja ya upepo. Kwa hiyo ukikata robo ya maji ya kumwagilia hujakata robo ya maji ya mmea, mara nyingi umekata sana sana upotevu, na mmea unachukua kingine kwenye akiba ya udongo. Watafiti wa ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, kule kaskazini mwa Syria walilifanya hili kwenye ngano inayotegemea mvua ya baridi ikiongezewa maji, wakipunguza nusu ya yale maji ya nyongeza mavuno yanashuka kama asilimia 10 hadi 20 tu. Nusu ya maji! Sasa kama una ardhi kubwa kuliko maji uliyonayo, hiyo nusu uliyookoa unaipeleka kwenye hekta nyingine na jumla ya ghala lako inaongezeka. Kama una maji mengi na ardhi kidogo, hesabu ni tofauti, wewe endelea kujaza.

Mama mmoja hapa mbele alinikatiza akasema sasa mwalimu mi nitajuaje akiba ya udongo wangu ni kiasi gani. Swali zuri. Mita moja ya udongo wa kichanga inashika maji yanayotumika kama milimita 80 hivi, tifutifu kama 160. Mahindi yanaanza kuumia yakishatumia karibu nusu ya hiyo, tuseme asilimia 55. Kwenye jua kali wakati wa kuchanua yanakunywa milimita 7 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, kwenye mchanga una siku sita, kwenye tifutifu una siku kumi na mbili. Kwa hiyo jirani mwenye tifutifu akikwambia mi namwagilia kila baada ya siku kumi usimuige, utalia. Na huhitaji kifaa cha kupimia unyevu. Chukua nondo nyembamba yenye mpini, siku moja baada ya kumwagilia isukume ardhini kwa mkono, inapita laini kwenye udongo uliolowa na inagoma ikigusa mkavu. Pale ilipogomea ndo maji yako yalipofika. Ikigoma sentimita 15 na mizizi inataka 60 basi ulikuwa unaosha vumbi. Ikipita mita nzima bila kugoma, umemwagilia ardhi ya chini huko, si mahindi.

Haya tuje kwenye mazao ya kufunika, na hapa najua nitagombana na baadhi yenu.

Tumeimba sana kwamba funika udongo, funika udongo, unatunza maji. Kweli. Lakini zao la kufunika likiwa hai ni mnywaji kama wengine, na kumbukeni ile orodha ya Colorado, jamii ya mikunde ni wanywaji kweli kweli. Linatunza maji likishakufa. Kabla ya hapo linakopa. Kule kwenye nyanda kame za katikati ya Marekani, Colorado na Nebraska, wamejaribu sana kupanda mazao ya kufunika kwenye kipindi ambacho zamani shamba lilikuwa linapumzishwa tupu, na miaka ya ukame ngano iliyofuata ilivuna pungufu kwa sababu ilikuta benki haina kitu. Wakajaribu na mchanganyiko wa mbegu nyingi wakiamini mchanganyiko unatumia maji kidogo kuliko zao moja. Haukutumia kidogo. Mi hii niliposikia iliniuma kidogo maana nilishawahi kuihubiri.

Kwa hiyo kiwango cha maji kwa zao la kufunika unakiamua vipi? Kwanza, maji ya kuoteshea ndo yenye faida kuliko yote. Milimita 20 au 30 za kuotesha marejea au fiwi vizuri, likafunga shamba mapema, zina maana kuliko milimita 100 za baadaye kwenye shamba lililoota mapengo, kwa sababu pengo ni gugu na gugu nalo linakunywa. Baada ya hapo kila milimita unayoongeza inakupa majani kwa uwiano ule ule karibu, hakuna wiki ya ajabu, hakuna nywele za kuchelewa. Ukiwa na maji ya mashaka, haya ndo mazao ya kuwapa makombo, mahindi yanachanua wewe peleka maji huko, fiwi itasubiri. Kunde tena ukiijaza maji sana inajaa majani inasahau kuzaa, ambalo kwa mla kunde ni hasara na kwa mfunika udongo ni zawadi.

Ila kuna mtu mmoja ndani ya hilo zao hapendi kiu, naye ni vile vinundu vya mizizini vinavyotengeneza naitrojeni. Vinazima mapema kabla hata majani hayajaonyesha shida, mmea bado kijani we unadhani mbolea inatengenezwa kumbe kiwanda kimefungwa. Na ukituamisha maji vinakosa oksijeni vinafungwa vile vile. Kuvikagua ni rahisi, ng'oa mmea kwa jembe, usivute kwa mkono maana vinakatika vinabaki ardhini, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, kijivu au kijani, kimelala au kimekufa. Kama nia yako ni mbolea basi kiwango cha nusu kinaweza kukupa majani nusu na naitrojeni chini ya nusu, hilo liweke akilini.

Halafu siku ya kulifyeka. Mi naiona hiyo siku ni uamuzi wa umwagiliaji kabisa hata kama hushiki bomba, kwa sababu kila siku unayoliacha linasimama ni milimita tano sita zinaondoka kwenye udongo wa zao lijalo. Wiki mbili za uvivu ni milimita 70. Ukilifyeka likianza kuchanua umepata naitrojeni nyingi iliyomo majani bado laini, ukilichelewesha likawa miti, kama rai, ile nafaka ndugu ya ngano, inavyokuwa ikikomaa, litakunywa maji yote hayo na bado wale wadudu wa udongo watakopa naitrojeni ya mahindi yako wapate kulimeng'enya. Penye mvua ya uhakika au bomba la uhakika unaweza kuchelewa kidogo, benki itajazwa. Pasipo, fyeka mapema hata kama roho inakuuma kuona majani yale mazuri yanalala.

Na likishalala sasa ndo linaanza kulipa deni. Matandazo mazito yanazuia jua lisilambe udongo uliolowa. Lakini hata hapa kiwango cha maji kinaingia, na hili sisikii likisemwa. Udongo mtupu ukilowa unapoteza maji kwa nguvu zote siku ya kwanza na ya pili, baada ya hapo ngozi ya juu inakauka inajifunika yenyewe na upotevu unapungua sana. Kwa hiyo anayemwagilia kwa sprinkla kidogo kidogo kila baada ya siku mbili, matandazo yanamuokoa mara nyingi kwa msimu. Anayemwagilia mara moja nzito kwa siku kumi, yanamuokoa mara chache. Na aliyezika dripu, ile mipira ya matone, chini ya udongo ambako juu hakulowi, yanamsaidia kidogo sana kwenye maji, atayapendea mambo mengine. Ukiona wawili wanabishana mmoja anasema matandazo ni muujiza mwingine anasema hayajamsaidia, waulize kwanza wanamwagilia vipi, huenda wote wanasema kweli.

Faida ambayo haibishaniwi ni mizizi iliyooza. Inaacha vijia, maji yanazama badala ya kutiririka, na mvua moja kubwa ikiingia yote ardhini inaweza kurudisha sehemu nzuri ya kile kilichonywewa. Tatizo ni kwamba lazima hiyo mvua ije.

Dakika zimebaki mbili nimeonyeshwa hapa. Mzee wa koti la kaki ameuliza swali ambalo natamani ningeanza nalo, anasema mi maji yangu yana chumvi chumvi, hii nusu nusu yako itanifaa? Mzee wangu, kwako niwe mwangalifu. Ukimwagilia maji ya chumvi kwa kubania, mmea unachukua maji unaacha chumvi, msimu huu haina neno, msimu wa tatu unaanza kuona ncha za majani zimeungua. Wewe unahitaji mara moja moja umwage ya kuzidi makusudi ili chumvi ishuke chini ya mizizi, ifanye wakati ambao mimea iko midogo au shamba liko wazi, na hakikisha yana pa kutokea. Kwa hiyo kile nilichokiita upotevu kwa wengine, kwako sehemu yake ni kufua nguo. Na nafaka ya kuanza nayo kwenye hilo shamba ni shayiri, inavumilia chumvi kuliko mahindi, mbali sana. Maharage yaache kabisa. Hata kama zao la kufunika unalitaka la mikunde, tafuta mbegu kidogo kwanza, panda mstari mmoja upande ule wa shamba wenye ukoko mweupe, uone kama litaota, ndo ununue gunia.